Mwana wa mfalme kwenye usukani: jibu kwa dereva wa bodaboda wa Kasulu

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Kasulu. Juzi kijiweni jamaa mmoja alidai kwamba Warusi walipompindua mfalme wao, wana wa wafalme na majenerali walikimbilia Paris wakaishia kuendesha teksi. Tulibishana hadi abiria wakaenda kupanda kijiwe cha pili. Ni kweli, au ni porojo? Na kama ni kweli, mbona hawakurudi kwao mambo yalipotulia, au basi wakawa Wafaransa yakaisha? Na je, wapo waliofika huku kwetu Afrika?"

Marahaba, kijana wangu. Mwambie jamaa yako ameshinda, ila asishangilie sana, maana ameshinda nusu.

Teksi zilikuwepo, Warusi walikuwemo ndani yake, na baadhi yao walikuwa na majina marefu ya kikabaila. Kilichowapotosha ni hayo maneno "wana wa wafalme". Warusi walikuwa na cheo kiitwacho knyaz. Wazungu wa magharibi walikitafsiri kwa neno lile lile wanalomwitia mtoto wa mfalme, nasi tukalipokea hivyo hivyo bila kuuliza. Knyaz alikuwa mtu wa ukoo wenye cheo tu, na cheo chenyewe walikirithi watoto wote, si kifungua mimba peke yake. Wafikirie masharifu wa pwani: watoto wote wa sharifu ni masharifu, na wajukuu vilevile, awe mmoja ana majahazi matatu na mwenzake anauza kashata. Sasa rithishaneni namna hiyo karne kadhaa, kisha ongezea koo za Georgia ambazo nazo zilitambuliwa, utapata maknyaz wengi kweli kweli, na wengine walikuwa hohehahe hata kabla ya mapinduzi. Magazeti ya Paris yalipenda sana habari ya mwana wa mfalme anayemfungulia mlango karani wa benki. Ilikuwa habari tamu. Lakini wengi walioshika usukani walikuwa maluteni na makapteni wa kawaida, na watoto wa makarani.

Turudi nyuma kidogo. Mapinduzi ya Urusi yalikuwa mawili ndani ya mwaka mmoja, 1917. La kwanza lilimwondoa mfalme Nicholas II, la pili likawaweka madarakani Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wekundu, yaani Wabolsheviki, upande mmoja na Weupe, wapinzani wao, upande wa pili, vikaendelea hadi 1922. Weupe walishindwa. Walioikimbia nchi hakuna aliyewahesabu mlangoni, kwa hiyo makadirio yanacheza kati ya milioni 1 na milioni 2. Humo mlikuwa na askari wa jeshi lililoshindwa, Wakozaki (wale askari wapanda farasi wa mipakani), walimu, wanafunzi, mapadri, wenye maduka, wauguzi, na familia zao. Makabaila walikuwa kama chumvi kwenye mchuzi, wachache, ila ndio waliosikika mdomoni.

Na hilo neno "Weupe" lisikupoteze, ni rangi ya siasa. Mmoja wa wakimbizi hao wa Kirusi alikuwa mtu mweusi. Frederick Bruce Thomas alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1872, wazazi wake wakiwa waliowahi kuwa watumwa. Alifanya kazi hotelini na migahawani, akavuka bahari, akafika Moscow mwaka 1899. Huko akapanda kutoka mhudumu hadi mmiliki wa kumbi za starehe zilizovuma mjini, Aquarium na Maxim, na mwaka 1915 akachukua uraia wa Urusi. Wekundu walipokuja, kwao alikuwa tajiri tu kama matajiri wengine. Mwaka 1919 alikimbia kwa meli kutoka Odessa hadi Istanbul, akaanza upya, akafungua ukumbi mwingine wa Maxim, akawachezesha watu muziki wa jazi. Madeni yalipomzidi akaomba hati ya Marekani. Maofisa wa ubalozi wakamkatalia, na rangi yake ilikuwa na sehemu kubwa katika kukataliwa huko. Kwa Wamarekani hakuwa Mmarekani, kwa Warusi wapya hakuwa Mrusi. Alifariki Istanbul mwaka 1928 akiwa mfungwa wa madeni.

Nimemweka mbele kwa makusudi, kwa sababu kisa chake kinaonyesha kitu ambacho mjadala wenu wa kijiweni haukukigusa. Kilichowatesa watu hawa kuliko kushuka cheo kilikuwa karatasi. Nitafika hapo.

Kwanza safari yenyewe. Wimbi kubwa kuliko yote lilitoka rasi ya Crimea katikati ya Novemba 1920. Jenerali Pyotr Wrangel, mkuu wa mwisho wa Weupe wa kusini, alipoona ngome zimevunjwa, alikusanya kila kilichoelea: manowari, meli za abiria, za mizigo, hata vyombo vya kuvutwa kwa kamba. Meli 126, watu kama 145,000, wakavuka Bahari Nyeusi. Mbele ya Istanbul wakasimama siku kadhaa bila kuruhusiwa kushuka. Wachuuzi wakaja na mitumbwi, wamejaza mikate. Juu ya meli mtu akawa anafunga pete ya ndoa kwenye kamba, anaishusha, anapandisha mkate. Hapo ndipo wengi walipojifunza bei mpya ya dhahabu.

Mjini Istanbul waliuza walichokuwa nacho, kisha wakauza kazi za mikono yao. Katika mtaa wa Pera ungekuta mwanamke aliyesoma Petersburg, mji mkuu wa mfalme, akihudumia meza mgahawani, na kanali akiuza maua ya karatasi. Hadi leo kuna njia ya maduka mjini humo iitwayo Çiçek Pasajı, yaani Njia ya Maua, na wenyeji husimulia kwamba jina limetoka kwa wanawake wa Kirusi waliokuwa wakichuuza maua pale.

Askari hawakuachwa mjini. Wakozaki wengine walipelekwa kisiwa cha Lemnos, na kikosi kikuu, watu kama 25,000, kikatupwa Gallipoli, mji mdogo uliobomolewa na vita, wakalala kwenye mahema katika uwanja wa wazi ambao wenyewe waliuita Uwanja Mtupu. Kamanda wao, Jenerali Kutepov, aliogopa jambo moja tu: watu wenye silaha wasio na kazi. Akawapangia gwaride, mafunzo, kanisa la hemani, maigizo, hata mpira. Walionaswa wakilegea walifungwa. Walimchukia mwanzoni, na baadaye wengi wao wakasema ndiye aliyewaokoa wasioze. Walipokaribia kuondoka, kila mmoja aliagizwa alete jiwe, na kwa mawe hayo wakajenga mnara wa wenzao waliofia pale. Ulizinduliwa Julai 1921, ukaanguka kwa tetemeko la ardhi mwaka 1949, ukajengwa upya mwaka 2008.

Sasa karatasi. Desemba 1921 serikali ya Wabolsheviki ilitoa amri ya kuwavua uraia Warusi waliokuwa nje bila ruhusa yake. Kwa kalamu moja, mamia ya maelfu ya watu wakawa si raia wa nchi yoyote. Pasipoti zao zenye tai mwenye vichwa viwili zilikuwa za dola ambayo haipo tena. Bila hati huvuki mpaka, huajiriwi kihalali, hata kufunga ndoa ni mtihani, maana nani atathibitisha kwamba ulizaliwa, au kwamba huna mke mwingine kule Kharkov?

Mnorwe mmoja, Fridtjof Nansen, mpelelezi wa barafu za ncha ya kaskazini, ndiye aliyepewa mzigo huo mwaka 1921 na Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata zikakubaliwa hati ambazo watu waliziita pasipoti za Nansen. Usiifikirie pasipoti ya kijitabu chenye ngozi. Mwanzoni ilikuwa karatasi ya kukunjwa, yenye picha na muhuri, na baadaye stempu yenye sura ya Nansen mwenyewe ambayo mwenye uwezo aliilipia faranga 5 za dhahabu, fedha ikaenda kuwasaidia wasio nacho. Na ilikuwa na tundu kubwa: nchi iliyokupa haikulazimika kukupokea tena ukishatoka. Ulikuwa na ruhusa ya kuondoka bila ruhusa ya kurudi. Tundu hilo lilianza kuzibwa mwaka 1926 kwa makubaliano mengine. Hata hivyo, Nansen alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922, na watu kama mwanamuziki Stravinsky na mchoraji Chagall walisafiri kwa karatasi hiyo hiyo sawa na mfua vyuma wa kiwanda cha magari cha Renault.

Wewe uko Kasulu, na kambi ya Nyarugusu iko wilayani kwako. Mkimbizi wa pale akipata hati ya kusafiria ya mkimbizi, anashika mjukuu wa karatasi ya Nansen. Fungua Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha kwanza, utakuta makubaliano ya 1926 na ya 1928 yametajwa kwa tarehe zake. Yalitungwa kwa ajili ya Warusi na Waarmenia.

Basi twende Paris, ulikotaka kwenda tangu mwanzo.

Kwa nini Ufaransa? Walianza Berlin. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 sarafu ya Ujerumani ilikuwa imeporomoka, mwenye kito kimoja cha dhahabu aliweza kuishi miezi, na Warusi wakajaa kitongoji cha Charlottenburg hadi Wajerumani wakakiita Charlottengrad. Walikuwa na wachapishaji wa vitabu kwa makumi. Sarafu ilipotengemaa mwishoni mwa 1923, maisha yakapanda bei, wakahama. Wasomi na wanafunzi wengi wakaenda Prague, ambako serikali ya Chekoslovakia chini ya Rais Masaryk iliwalipia masomo. Ndugu wengine walishapokelewa na Serbia. Na wenye mikono ya kufanya kazi wakaenda Ufaransa, kwa sababu Ufaransa ilipoteza vijana zaidi ya milioni moja katika Vita Kuu ya Kwanza na viwanda vilikuwa vinalia kutafuta watu.

Kwa hiyo mlango wa Mrusi kuingia Paris kwa kawaida ulikuwa geti la kiwanda. Huko Billancourt, kwenye viwanda vya magari vya Renault, walifanya kazi kwa maelfu. Kengele alfajiri, zamu, mashine, mafuta hadi kwenye kucha, kisha chumba cha hoteli ya bei rahisi chenye jiko la spiriti. Daktari wa Kirusi hakuruhusiwa kutibu Wafaransa bila shahada ya Kifaransa. Mwanasheria ndiyo kabisa, sheria aliyoisomea ilikuwa imefutwa huko kwao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wote wanaosimulia habari ya teksi kwa machozi. Kwa Mrusi wa Billancourt, teksi haikuwa kuporomoka. Ilikuwa kupandishwa cheo. Nawe unaijua kazi hii kuliko mimi, kwa hiyo pima mwenyewe. Msimamizi hakusimamii mgongoni. Mapato unagawana na kampuni yenye gari, bakshishi inabaki mfukoni. Lugha unayohitaji ni majina ya mitaa na salamu. Kufanya mtihani wa leseni ulipaswa kuijua Paris njia kwa njia, na maofisa waliozoea kusoma ramani za vita hawakuona shida hapo. Wengi wao walijifunza kuendesha jeshini. Na kubwa kuliko yote, ukiwa umepanga foleni ukisubiri abiria unaweza kusoma gazeti lako la Kirusi, ukabishana na mwenzako wa gari la nyuma kuhusu nani aliyesababisha tushindwe Crimea. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni madereva wa Kirusi kama 3,000 mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1930. Walikuwa na chama chao, na walisaidiana mtu akiugua au akigonga.

Mmoja wao nakupa awe mwenzako: Gaito Gazdanov, Mwoseti, yaani mtu wa kabila la milima ya Kaukasia, aliyezaliwa Petersburg mwaka 1903. Aliingia jeshi la Weupe kabla hajatimiza miaka 16, akapigana kwenye treni ya deraya, akatoka na meli za Wrangel, akapita Gallipoli. Paris alifika mwaka 1923. Alipakua majahazi ya mtoni Seine, akaosha vichwa vya treni, akaingia kiwandani Citroën, na kuna majira ya baridi alilala nje. Kuanzia mwaka 1928 akawa dereva wa teksi wa usiku. Aliifanya kazi hiyo hadi mwaka 1952, miaka 24, huku mchana akiandika riwaya. Moja nzima ni kuhusu usiku huo: walevi, makahaba waliozeeka, mafilosofa wa baa, na Warusi wenzake ambao kila mmoja alikuwa na kisa kimoja cha zamani alichokirudia. Sina mwandishi mwingine wa uhamisho ule ninayemwamini kama yeye, maana aliyaona yote kutoka kwenye kiti cha mbele, kupitia kioo.

Kazi hiyo ilikuwa na siku zake mbaya. Tarehe 6 Mei 1932 Mrusi mmoja aliyechanganyikiwa, Pavel Gorgulov, alimpiga risasi Rais wa Ufaransa, Paul Doumer, kwenye maonyesho ya vitabu. Fikiria wewe ndiye dereva mwenye lafudhi ya Kirusi asubuhi ya siku iliyofuata. Na ni miaka ya mdororo wa uchumi: Agosti mwaka huo huo ikatoka sheria ya kuweka ukomo wa wageni makazini. Waliokosa kibali cha kazi walifukuzwa, na kwa kuwa hawakuwa na nchi ya kuwapokea, wengine walipelekwa mpakani, wakasukumwa upande wa pili, wakarudishwa, wakafungwa, wakafukuzwa tena.

Wanawake mara nyingi ndio walioleta fedha ya kwanza nyumbani. Tangu utotoni walifundishwa kudarizi, iwe kwenye nyumba ya kifahari au shule ya masista, na mitindo ya Paris ilikuwa imeshikwa na homa ya mapambo ya Kirusi. Maria Pavlovna, binamu wa mfalme aliyeuawa, huyo sasa ni wa ukoo wa kifalme hasa, alimsikia mbunifu wa mitindo Coco Chanel akibishana bei na mdarizi wake, akajitolea kuifanya kazi kwa bei nafuu. Hakujua kutumia mashine. Akaenda kiwandani kujifunza kama mwanagenzi yeyote, akafungua karakana yake iitwayo Kitmir, akawaajiri wanawake wenzake. Walifanikiwa miaka michache, kisha mtindo ukabadilika, na karakana ikauzwa mwaka 1928. Kwa kila karakana yenye jina kulikuwa na mamia ya wanawake wanaoshona shanga nyumbani usiku, wakilipwa kwa kipande, macho yakiisha.

Na walioshindwa kabisa? Kuna nyumba moja, namba 77 mtaa wa Lourmel, iliyoendeshwa na mtawa wa Kiorthodoksi aitwaye Mama Maria Skobtsova. Aliwahi kuolewa mara mbili na kuongoza mji mdogo wa Anapa wakati wa mapinduzi. Alivuta sigara na kukaa na walevi hadi usiku wa manane, mambo yaliyowaudhi waumini wengi. Alfajiri alikwenda soko kuu la Les Halles na gunia mgongoni, akakusanya mboga na samaki waliobaki, akarudi kupikia wasio na kazi. Wajerumani walipoiteka Paris aliwasaidia Wayahudi kupata vyeti na maficho. Alikamatwa mwaka 1943, akafia kambi ya Ravensbrück mwaka 1945.

Unauliza mbona hawakurudi. Kijana wangu, kila mwaka walikuwa wanarudi mwakani. Miaka ya mwanzo wengi hawakutaka hata kununua kabati, maana la nini, masika tutakuwa nyumbani. Masanduku yalikaa chini ya kitanda yakiwa yamefungwa. Walijenga Urusi nzima ya muda: magazeti, makanisa, shule za Alhamisi kwa watoto ambao siku nyingine walisoma Kifaransa, vyama vya kila kikosi, na kuanzia 1925 Siku ya Utamaduni wa Kirusi iliyowekwa karibu na kuzaliwa kwa mshairi Pushkin. Sikukuu walizifuata kwa kalenda ya zamani, siku 13 nyuma ya majirani. Vasily Maklakov, aliyetumwa kuwa balozi mwaka 1917 na serikali iliyoanguka kabla hajakabidhi hati zake, aliendelea kuendesha ofisi ya Warusi Paris, akitoa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kwa niaba ya nchi isiyokuwepo, na Wafaransa wakavikubali. Mimi hilo hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Kuwa Wafaransa kulikuwa rahisi zaidi baada ya sheria ya Agosti 1927, iliyopunguza miaka ya kungojea kutoka 10 hadi 3. Wengine walichukua. Lakini kwa ofisa aliyekula kiapo, kuchukua pasipoti ya Kifaransa kulikuwa kukiri kwamba vita vimekwisha na wale waliozikwa Crimea walikufa bure. Watoto wao ndio waliochukua, na mara nyingi hapo ndipo ugomvi wa mezani ulipoanza.

Waliorudi kweli walipata nini? Mshairi Marina Tsvetaeva alirudi Juni 1939, akimfuata mume na binti. Mwaka huo huo wote wawili wakakamatwa. Mume akapigwa risasi mwaka 1941, binti akapelekwa kambini, na yeye mwenyewe akajiua Agosti 1941 katika mji mdogo wa Yelabuga. Upande wa mashariki kulikuwa na mji wa Harbin, ndani ya China, uliojengwa na Warusi wenyewe tangu 1898 kwa ajili ya reli yao. Moscow ilipoiuza reli hiyo mwaka 1935, wafanyakazi wake kwa maelfu wakapanda treni kurudi nyumbani kwa bendera na nyimbo. Septemba 1937 polisi wa siri wakatoa amri maalumu, namba 00593, dhidi ya "watu wa Harbin", na maelfu wakapigwa risasi kwa tuhuma za ujasusi wa Japani. Na asiyerudi naye hakuwa salama sana: yule Jenerali Kutepov wa Gallipoli alitekwa na majasusi wa Kisovieti, yaani wa serikali ya Wabolsheviki, mchana kweupe katika barabara ya Paris, Januari 1930, hakuonekana tena.

Nikiwa hapo China, nisipite Shanghai. Mji ule ulikuwa na maeneo yaliyotawaliwa na Wazungu, na Mzungu wa Uingereza au Ufaransa hakushtakiwa katika mahakama ya Kichina. Warusi walipoteza kinga hiyo mwaka 1920, China ilipoacha kuwatambua mabalozi wa mfalme. Ghafla wakaonekana Wazungu wanaoombaomba barabarani, wanaolinda milango ya matajiri wa Kichina, wanawake wanaocheza dansi kwa tiketi. Waingereza walichukia mno. Huruma ilikuwepo kidogo, lakini kilichowauma zaidi ni kwamba heshima ya ngozi yao ilikuwa inavuja mbele ya wenyeji. Msomaji wa huku kwetu, ambaye babu yake alimwita kila Mzungu "bwana", hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo ilitoka wapi.

Sasa Afrika. Walifika. Madaktari na mainjinia wa Kirusi waliopitia Ubelgiji walipata kazi katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini kundi kubwa lililokuja kwa pamoja lilifikia Bizerte, Tunisia, karibu na ncha ya kaskazini kabisa ya bara letu. Wafaransa, waliokuwa wakitawala huko, waliruhusu mabaki ya jeshi la majini la Bahari Nyeusi yatie nanga: meli kama 33 na watu karibu 6,000, kuanzia mwishoni mwa Desemba 1920. Manowari moja kuukuu, Georgii Pobedonosets, iligeuzwa nyumba za familia. Kamba za kuanikia nguo zilifungwa kati ya mizinga, watoto wakasomea ndani. Kwenye ngome ya Djebel Kebir chuo cha wanamaji kiliendelea kufundisha vijana urubani wa bahari hadi 1925, kwa ajili ya jeshi ambalo lilikuwa linaota kutu pale chini bandarini.

Ufaransa iliitambua serikali ya Kisovieti tarehe 28 Oktoba 1924. Kesho yake jioni, bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu wa Mtakatifu Andrea ilishushwa katika meli zote, wazee wakilia. Meli hatimaye ziliuzwa kwa vyuma chakavu. Watu wakatawanyika: wengine Ufaransa, wengine wakabaki kupima mashamba, kujenga barabara, kushona nguo, kufundisha piano watoto wa walowezi.

Aliyebaki hadi mwisho ni Anastasia Shirinskaya. Alifika akiwa na miaka 8, binti wa ofisa aliyekuwa nahodha wa manowari ndogo. Alikua kwenye ile meli ya nyumba, akawa mwalimu wa hisabati, akafundisha vizazi vya watoto wa Bizerte, Waarabu na Wafaransa. Ufaransa iliondoka, Tunisia ikapata uhuru mwaka 1956, yeye akabaki na karatasi yake ya mkimbizi, bila kuchukua uraia wa nchi nyingine. Alitunza makaburi ya wanamaji na kanisa dogo la Alexander Nevsky walilolijenga kwa michango katika miaka ya 1930, ambalo ndani lina bamba la marumaru lenye majina ya meli. Mwaka 1997 Urusi, ambayo haikuwa ya mfalme wala ya Wabolsheviki, ilimpa pasipoti. Alikuwa na miaka 84. Alikwenda kuiona nchi aliyozaliwa, kisha akarudi Bizerte nyumbani kwake, akafariki huko Desemba 2009. Uwanja ulio mbele ya lile kanisa manispaa iliupa jina lake angali hai.